Roboti, Mikono Yetu na Jirani Yetu: Somo la Vijana



Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako (ile yenye vitabu vyote 73) usome sehemu mbili: Yoshua bin Sira sura ya 38 yote, na Luka 10:25-37. Ukimaliza rudi hapa. Somo la leo limesimama juu ya hizo mbili, ingawa mada yenyewe ni roboti.

Kwa nini roboti? Kwenye semina moja ya VIWAWA, kijana anayesomea uchomeleaji aliuliza: "Mwalimu, nimeona video ya kiwanda cha magari. Roboti zinachomelea bodi zima, hakuna mtu hata mmoja karibu. Sasa mimi nasomea nini?" Wenzake wakacheka, ila yeye hakucheka. Ada ya chuo mama yake analipa kwa kuuza maandazi. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa "tumwachie Mungu" halafu tukaimba wimbo wa kufunga. Lina haki ya kujibiwa kwa ukweli wa mambo yalivyo, na kwa imani pia.

Roboti ni nini hasa?

Neno lenyewe lina miaka mia moja na kidogo. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilitumia katika tamthilia yake ya R.U.R. ya mwaka 1920, nalo lilitoka kwenye neno la lugha yao lenye maana ya kazi ya shuruti, ile ya mtwana katika shamba la bwana wake. Babu zetu waliowaona manamba kwenye mashamba ya mkonge wangelielewa mara moja. Tangu siku ya kwanza, basi, neno hili limebeba swali la kazi: nani anamfanyia nani, na kwa amri ya nani.

Watafiti wengi wa leo huiita mashine roboti ikiwa inafanya mambo matatu kwa pamoja. Inahisi mazingira yake, kwa kamera au vipimo vya umbali na mguso. Inaamua, kwa programu iliyowekwa ndani yake. Halafu inatenda, yaani inasogeza kitu au inajisogeza yenyewe. Simu yako inahisi na kukokotoa, lakini haiwezi kukuokotea kalamu. Cherehani inatenda, lakini haijui kama iliyo chini ya sindano ni nguo au kidole chako. Kwa hiyo roboti si lazima iwe na kichwa na miguu kama kwenye sinema. Nyingi hazina.

Ya kwanza kuajiriwa kiwandani, tuseme hivyo, ilikuwa Unimate. Iliingia kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, mwaka 1961, na kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya chuma vya moto kwenye mashine ya kusubu. Kazi ya hatari, ya kuunguza watu. Baada ya hapo zikaja za kuchomelea, za kupaka rangi, za kupanga mizigo ghalani. Hospitalini kuna da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000 kwa upasuaji. Hiyo haiamui lolote: daktari anakaa pembeni, anasogeza mikono yake, na mikono myembamba ya mashine inafuata ndani ya mwili wa mgonjwa kupitia matundu madogo. Na baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, Wajapani walipeleka mashine mahali ambapo mtu angepigwa na mionzi ya kumwua. Hapa sioni ubishi. Kama kuna mahali pa kumwua mtu na mashine inaweza kwenda badala yake, iende.

Damu inayoruka juu ya vilima

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko jirani kabisa, Rwanda.

Fikiria mama amejifungua salama katika hospitali ndogo ya wilaya, halafu damu inaanza kutoka na haikomi. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni moja ya sababu kubwa kabisa za vifo vya wajawazito duniani. Anahitaji kuongezewa damu, tena ya kundi lake, tena sasa hivi. Tatizo ni kwamba damu haikai kama maharage. Chembe nyekundu hutunzwa kwenye ubaridi kwa wiki tano au sita. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa kawaida hudumu siku tano tu. Hospitali ndogo ikijaza friji kwa makundi yote, nyingine itaharibika bila kutumika. Isipojaza, siku ya shida hakuna. Gari likitumwa kuifuata, kuna vilima, mvua na barabara.

Tangu Oktoba 2016 serikali ya Rwanda na kampuni ya Zipline wamekuwa wakitumia ndege ndogo zisizo na rubani kutoka kituo cha Muhanga, na baadaye wakaongeza kituo cha pili huko Kayonza, mashariki. Damu inatunzwa mahali pamoja. Mhudumu wa hospitali anaagiza. Kituoni wanaifunga kwenye kasha, wanaiweka tumboni mwa ndege, na ndege inarushwa kwa mtambo unaofanya kazi kama manati. Inaruka yenyewe kwa kufuata njia iliyopangwa, inajirekebisha kwa upepo, ikifika juu ya hospitali inashuka kidogo na kuachia kasha lenye parachuti ya karatasi. Haitui pale. Inageuka, inarudi Muhanga, na inanaswa hewani kwa kamba. Hebu tafuta video yake uone, utafurahi kama mtoto.

Je, imesaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health uliangalia takwimu za hospitali za Rwanda. Wastani wa kufikisha damu kwa ndege hizo ulikuwa kama dakika 50, zaidi ya saa nzima pungufu ya makadirio ya barabara. Na damu iliyokuwa ikiharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 ndani ya mwaka mmoja. Hilo la pili mimi ndilo linalonigusa. Ile damu ilitolewa na mtu. Kuitupa ni kutupa zawadi.

Hata kwetu Tanzania kitu cha aina hii kimeshajaribiwa. Mwaka 2018 shirika la misaada la Ujerumani GIZ, DHL na kampuni ya Wingcopter walifanya majaribio ya miezi sita ya kurusha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa muda wa dakika 40 hivi. Aliyewahi kusubiri kivuko anajua maana ya dakika 40.

Sasa rudi kwenye Luka 10. Msamaria alipomkuta yule mtu ameachwa nusu mfu njiani, alifanya nini? Alimwonea huruma, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa. Tukihubiri habari hii huwa tunaruka mnyama. Lakini bila yule punda (tuseme ni punda) majeruhi asingefika. Msamaria asingeweza kumbeba mgongoni njia yote hiyo. Punda alikuwa na nguvu ambayo Msamaria hakuwa nayo, na kuitumia nguvu hiyo kulikuwa sehemu ya huruma yenyewe.

Ndege ya Muhanga ni punda wa namna hiyo. Inabeba. Haimjui mama, haimwonei huruma, haipati thawabu. Waliompenda yule mama ni wengine: aliyekaa kwenye kiti akatoa damu bila kujua itakwenda kwa nani, muuguzi aliyeagiza haraka badala ya kusema "tusubiri asubuhi", fundi aliyekagua betri. Mashine imefupisha njia kati ya mtoaji na mhitaji, na huruma ikafika kabla mtu hajafa.

Kumbuka pia kwamba kuhani na Mlawi nao walipita njia ileile. Injili haisemi kama walikuwa na punda. Wangekuwa nao hata watatu, bado wangepita kando.

Tumjibu fundi wetu

Kaka, video uliyoiona ni ya kweli. Lakini itazame tena kwa jicho la fundi. Gari linafika mahali palepale, kwa urefu uleule, limeshikwa kwa vibano lisitikisike, na bodi la 500 ni sawasawa na la kwanza. Roboti inaweka moto pale ilipoelekezwa. Sasa ichukue hiyo roboti uipeleke Gerezani, au kwa mteja mwenye geti lililogongwa na fuso, ukuta hauko wima, bawaba moja imekatika, mvua inanyesha, umeme unakatika, na mwenye geti anataka bei ipungue. Itakwama.

Watafiti wana jina kwa jambo hili, kitendawili cha Moravec, kwa kumkumbuka Hans Moravec aliyeliandika miaka ya 1980. Aliona kwamba ni rahisi kiasi kuifanya kompyuta icheze mchezo wa bao la drafti kama mtu mzima, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa kuona na kujongea wa mtoto wa mwaka mmoja. Yale tunayoyaona ya akili nyingi, hesabu na kumbukumbu, ndiyo mashine iliyoyaweza mapema. Yale tunayoyadharau, kukunja nguo, kumenya ndizi, kumwogesha mgonjwa, ndiyo yanayowatoa jasho wahandisi hadi leo. Mama ntilie anayepindua chapati kwa vidole huku anarudisha chenji anafanya kitu ambacho maabara nyingi zingejivunia.

Lakini sitakudanganya kwamba hapo ndipo mwisho. Utafiti unasogea. Sasa roboti hazifundishwi tu kwa kuandikiwa kila hatua. Zinaonyeshwa na mtu mara nyingi, zinajifunza kwa kuiga na kwa kujaribu. Mwaka 2024 roboti ya miguu miwili iitwayo Digit, ya kampuni ya Agility Robotics, ilianza kazi ya kubeba makasha kwenye ghala huko Georgia, Marekani. Kazi za kurudia jambo lilelile mahali palepale zitaendelea kupungua. Na kwa nchi zetu kuna jambo la kuogopesha zaidi: viwanda ambavyo vingekuja huku kutafuta vibarua wa bei nafuu vinaweza visije kabisa, kwa sababu mashine ya huko kwao haidai mshahara wala likizo. Hiyo ni hoja ya haki, na vijana Wakatoliki wasiogope kuisema.

Kanisa halijaanza leo kusema. Mwaka 1891, viwanda vya mvuke vilipokuwa vinawasaga wafanyakazi, Papa Leo XIII alitoa barua Rerum Novarum kutetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe ujanani, aliandika Laborem Exercens. Humo anafundisha kwamba thamani ya kazi inapimwa kwanza kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu, kabla hujaangalia kitu kilichotengenezwa. Na Mei 2025, siku mbili baada ya kuchaguliwa, Papa Leo XIV aliwaambia makardinali kwamba jina lake amelichukua hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, kwa sababu dunia imeingia katika mapinduzi mengine ya viwanda, haya ya akili mnemba. Kwa hiyo, kaka, swali lako ulilochekewa ndilo lililompa Papa jina.

Halafu kuna Yoshua bin Sira. Umesoma sura ya 38? Mwanzoni anamheshimu tabibu, na anasema dawa zimetoka kwa Mungu kupitia ardhi, mtu mwenye busara asizidharau. Yaani imani haigombani na ufundi wa kuponya. Mwishoni anawataja watu wa mikono: mkulima, mchonga mihuri, mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa mguu, na mhunzi mbele ya moto, mwili unaungua kwa joto na masikio yamejaa kelele za nyundo. Huyo ni wewe. Anakiri kwamba watu hawa hawaitwi kwenye mabaraza ya wakubwa. Lakini bila wao, anasema, mji haukaliki, na kazi yao ndiyo sala yao. Mwandishi huyu alikuwa msomi, na bado aliyaona hayo miaka zaidi ya 2000 iliyopita.

Kwa vitendo basi: maliza kozi. Ukipata nafasi jifunze kusoma michoro, umeme wa viwandani, na programu za kuendesha mashine, maana hata roboti ya kuchomelea inahitaji mtu anayejua mshono mzuri ukoje na mbovu ukoje. Mashine haijui aibu ya geti kuanguka.

Wazee wa Japani, na wa kwetu

Japani ina wazee wengi na wahudumu wachache. Mtafiti Takanori Shibata alianza miaka ya 1990 kutengeneza Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili, manyoya meupe, inayosikia sauti na mguso, inafumba macho ukiipapasa. Imetumika sana kwa wazee waliopoteza kumbukumbu.

Inasaidia? Kidogo, ndiyo. Huko Queensland, Australia, wazee 415 walishiriki katika utafiti uliotolewa mwaka 2017. Baadhi walipewa Paro, baadhi mwanasesere yuleyule akiwa amezimwa, baadhi hawakupewa kitu zaidi ya huduma ya kawaida. Paro aliwasaidia kuliko huduma ya kawaida peke yake, lakini alipolinganishwa na mwanasesere aliyezimwa, alimzidi katika kuwavuta wazee washughulike naye tu. Naye mtafiti James Wright, aliyekaa katika nyumba ya wazee Japani na kuandika kitabu mwaka 2023, aliona kwamba roboti ziliwaongezea wahudumu kazi: kuzihamisha, kuzisafisha, kuzichaji, kuziangalia.

Usikimbilie kuwahukumu Wajapani. Sisi hatuna Paro, lakini tuna simu. Kuna vijana wengi mjini, wema kabisa, wanaotuma pesa kijijini kila mwezi na hawajamwona mama kwa miaka mitatu. Pesa ni punda mzuri. Inabeba dawa, unga na sukari. Ila haimkai mama pembeni jioni kumsikiliza akirudia hadithi ileile ya mwaka wa njaa. Nasema hivi nikijua nauli ilivyo.

Silaha

Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Mashine ileile inayojua kuhisi, kuamua na kutenda inaweza kupewa bomu badala ya damu. Tarehe 14 Juni 2024 Papa Fransisko, akiwa Papa wa kwanza kuhudhuria mkutano wa G7, aliwaomba viongozi wapige marufuku silaha zinazojiamulia nani afe, maana mashine isichague kamwe kuutoa uhai wa mtu. Hati ya Vatikani Antiqua et Nova ya Januari 2025 imelirudia hilo. Anayeua kwa mkono wake anaweza kushtuka, akatetemeka, akatubu. Programu haitubu.

Na kama unataka kuona ufundi wa kuondoa silaha, usiangalie mbali. Morogoro, pale SUA, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Uzito wao ni mdogo, hawalipui bomu wakilikanyaga. Mpaka leo pua hiyo inawapa wahandisi wa roboti wivu.

Roboti inaweza kubatiza?

Swali hili huulizwa kila mara, kwa utani na kwa dhati. Kuungamisha hapana, kuondolea dhambi ni kwa padre peke yake. Ubatizo ndio wa kufikirisha. Katika hatari ya kufa Kanisa linaruhusu mtu yeyote kubatiza, hata asiyebatizwa, mradi anamimina maji, anatamka maneno yanayotakiwa, na ana nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa. Roboti inaweza kumimina maji. Inaweza kutamka maneno kwa Kiswahili safi kuliko katekista wetu. Nia haina. Jirani yako Mwislamu aliyeitwa usiku wodini anaweza, mashine ya mamilioni haiwezi.

Ya kuzungumza kwenye jumuiya wiki hii

Katika kazi unayofanya au unayosomea, ni sehemu gani ungefurahi mashine ikuchukulie, na ni ipi usingeiachia hata ukilipwa?

Kiwanda cha parokiani kwenu kikileta mashine na kupunguza watu ishirini, kwa mujibu wa Rerum Novarum na Laborem Exercens mwenye kiwanda anawajibika nini kwa wale ishirini?

Nani yuko njiani nusu mfu mtaani kwenu, na punda wenu ni nini: pikipiki, simu, bima, pesa za mfuko wa jumuiya?

Na kazi ya pamoja: damu ya kurusha kwa ndege au kubeba kwa bodaboda lazima kwanza itoke kwa mtu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapokea wachangiaji wenye afya njema wa miaka 18 hadi 65, wenye uzito usiopungua kilo 50. Wanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Viongozi wa vijana wapange siku moja baada ya Misa, waandike majina. Kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda, na usiende na njaa.